Muhuri wa Tatu kwa Mia

"Raia wa Yakini, wapenzi wa ukweli! Kuanzia leo, saa sita na dakika moja mchana, hakuna tabibu, muuguzi, mkunga wala mchoma sindano atakayeruhusiwa kuamini jambo lolote kupita kiasi ambacho ushahidi unamruhusu. Enzi ya kubahatisha imezikwa. Enzi ya Bayesi imezaliwa!"

Ndivyo alivyotangaza Mheshimiwa Balthazari Mkumbukwa, Waziri wa Afya na Uhakika wa Jamhuri ya Yakini, nchi ambayo haijawahi kukosea tangu ipate uhuru. Bendi ikapiga. Njiwa wakarushwa, wawili wakagoma kuruka. Kisha Mheshimiwa akainama kumnong'oneza ofisa itifaki, akisahau kwamba kipaza sauti hakijazimwa, na uwanja mzima ukasikia:

"Huyu Bayesi mwenyewe mbona simwoni? Kile si kiti chake?"

Kweli kiti kilikuwapo meza kuu, kina kitambaa cheupe, chupa ya maji na kibao chenye jina. Bi. Atiye Mwafongo, mtaalamu wa takwimu aliyeletwa kufundisha matabibu, akasogea na kueleza kwa sauti ya chini kwamba Bayesi alikuwa kasisi wa Kizungu aliyeacha kanuni ya kupima imani kwa ushahidi, na kwamba alifariki zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Ofisa itifaki akawaza kidogo, akashika kipaza sauti.

"Mgeni wetu ametuma udhuru," akasema.

Watu wakapiga makofi ya masikitiko.

*

Miongoni mwa matabibu mia mbili walioitwa semina alikuwapo Onesmo Ndimbo, tabibu wa zahanati ya Shule ya Wasichana ya Ushindi. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na kalamu tatu mfukoni, ambazo mbili haziandiki. Habari hizi zinamhusu yeye. Mwandishi anaahidi kusema ukweli mtupu na kutojiingiza.

Semina ilichukua siku tano. Siku ya kwanza ilikuwa ya kujiandikisha, siku ya pili ya kusahihisha majina yaliyoandikwa vibaya siku ya kwanza, na siku ya tatu Bi. Atiye akapewa nafasi. Aliingia na sinia la maharage.

"Haya ni watu elfu moja," akasema. "Kumi nimewapaka rangi nyekundu upande wa chini. Hao ndio wagonjwa. Kipimo chetu kinawanasa tisa kati ya hao kumi. Ila kina tabia moja mbaya: kila wazima kumi, kinamsingizia mmoja. Sasa mtu kaja, kipimo kimesema mgonjwa. Mtaamini kwa kiasi gani?"

"Tisini kwa mia!" ukumbi ukaitikia kama wanakwaya.

Bi. Atiye akaanza kutenga maharage. Wekundu tisa huku. Weupe tisini na tisa, waliosingiziwa, wakaungana nao. Rundo la watu mia na nane, na wagonjwa humo ni tisa tu.

Mganga Mkuu wa Mkoa, Dk. Lwiza, akasimama akifunga kifungo cha koti.

"Kwa hiyo kipimo ni kibovu."

"Si kibovu, mzee wangu. Sisi tumekisoma bila kuuliza kwanza wagonjwa walikuwa wangapi kabla hatujapima. Hiyo ndiyo dhana ya awali. Unaanza nayo, halafu ushahidi unaisogeza juu au chini."

"Binti yangu, mimi nimetibu miaka thelathini na moja. Sijakosea hata mara moja."

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Hakuna aliyerudi kulalamika."

Tabibu Ndimbo akacheka. Alicheka peke yake katika ukumbi wa watu mia mbili, kisha akakigeuza kile kicheko kikohozi, lakini Dk. Lwiza alikuwa ameshamtazama na kumweka akilini.

Mchana ule Bi. Atiye alifundisha jambo la pili, na ndilo lililomkaa Tabibu rohoni. "Imani mliyoipata asubuhi," alisema, "ndiyo mtakayoanzia mchana. Ushahidi ukija tena, msirudi mwanzo. Mtu haanzi safari upya kila anapofika kituoni." Tabibu akaandika maneno yale daftarini na kuyapigia mistari miwili, kwa ile kalamu iliyokuwa inaandika.

*

Wizara nayo ilikuwa na mwakilishi ukumbini, na mwakilishi alisikia neno moja tu: awali. Jambo la awali, kwa desturi ya Yakini, hutoka juu. Wiki mbili baadaye ukatoka waraka.

Waraka ulieleza kwamba kila zahanati itahesabu wagonjwa wake kwa muhula mmoja, itapata dhana yake ya awali, na itaituma makao makuu ikapigwe muhuri. Dhana iliyopigwa muhuri itadumu miezi kumi na miwili. Tabibu atakayehitaji imani tofauti ataomba kwa barua, kupitia kwa mkuu wake wa kazi, na kusubiri majibu siku za kazi ishirini na moja. Fomu zitachapwa zikiwa na ile dhana tayari juu kabisa, ili kumpunguzia tabibu usumbufu wa kufikiri.

Wilaya ya nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri ilipewa dhana ya sifuri kwa kipindupindu, kama heshima. Bi. Atiye aliandika barua akieleza kwamba ukianza na sifuri, hata mtu akiharisha mbele yako hadi akauke, hesabu itakujibu sifuri. Akajibiwa kwamba hilo ndilo lililokusudiwa.

*

Tabibu Ndimbo alifanya kazi yake kwa uaminifu. Alihesabu wagonjwa mia moja katika muhula mmoja, na utaratibu ulikuwa huu. Mwanafunzi anafika zahanati, anaandika mwenyewe daftarini jina lake, kidato na bweni. Tabibu anampima joto, anaandika, anampa kikaratasi cha mapumziko. Kile kikaratasi humwokoa mtu na gwaride, na kufyeka majani, na mtihani wa hesabu wa Bi. Mkuu Msaidizi. Kwa hiyo kilipendwa sana.

Baada ya saa moja, Matroni Bi. Kokusima hupita mabwenini, halafu anakuja kutoa taarifa.

"Tabibu, yule wako wa kichwa anaruka kamba nyuma ya bwalo."

"Na wa tumbo?"

"Wa tumbo ndiye anayezungusha kamba."

Tabibu anaweka alama. Mpaka muhula unakwisha, kati ya wale mia, tisini na saba walikuwa wazima kama chuma cha pua. Watatu ndio waliokuwa wagonjwa.

Mbinu za wale wazima zilikuwa za kusikitisha na mwandishi anazitaja kwa uchungu mkubwa. Kulikuwa na kikombe cha bati chenye uji wa ulezi, kile ambacho kishikio chake kilivunjika, kinafichwa chini ya shuka ambalo mgonjwa amejifunika kwa kutetemeka. Tabibu akigeuka kuchukua pamba, kipimajoto kinatoka kwapani na kuchovywa. Unahesabu mpaka nne, unakifuta kwa pindo la sketi, unakirudisha. Ukihesabu mpaka tano kinapanda hadi joto la kuzika mtu.

Na Tabibu asingeweza kuwatambua kwa sura. Ushindi ina wasichana mia sita, wote wana sare moja, wote wamenyolewa vichwa kwa mashine moja. Ukijumlisha na shuka la kujifunika mpaka paji la uso, hata mama mzazi angeuliza jina.

Dhana ikatumwa makao makuu, ikarudi na muhuri wa zambarau: *Uwezekano wa mwanafunzi anayelalamika kuwa mgonjwa kweli: tatu kwa mia.* Tabibu akaibandika ukutani juu ya mizani. Alijivunia. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kitu alichokijua kilikuwa na namba.

*

Halafu ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Waziri atatembelea Ushindi kujionea mafanikio. Shule ikapakwa chokaa hadi mawe ya njiani. Ng'ombe akachinjwa. Wasichana wakafanyishwa mazoezi ya ngonjera juani siku nne, na ngonjera ilikuwa na beti thelathini na sita, zote za kushukuru.

Siku yenyewe, saa moja na nusu asubuhi, msichana mmoja akaingia zahanati akitembea ameinama.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba. Jina?"

"Mwasiti Lugome. Kidato cha pili."

Tabibu akafunua daftari. Akashusha kidole kwenye safu, akasimamisha, akashusha tena.

"Mwasiti Lugome. Mwasiti Lugome. Mwasiti tena huyu hapa. Umekuja mara saba muhula uliopita, mama."

"Mimi? Sijawahi kuja hapa, Tabibu."

"Jina limejiandika lenyewe?"

"Sijui, Tabibu. Tumbo linaniuma. Lilianza jana kitovuni, sasa limehamia huku chini."

Alimlaza, akamgandamiza upande wa kulia. Mtoto akavumilia. Tabibu alipoachia mkono ndipo mtoto alipolia. Tabibu akainua nyusi, akachukua fomu. Juu kabisa ilikuwa imechapwa: tatu kwa mia. Akapiga hesabu kama alivyofundishwa, kwa maharage ya kichwani. Katika wanafunzi elfu, wagonjwa wa kweli ni thelathini, na ishirini na nne kati yao watalia hivyo. Wanaojifanya ni mia tisa na sabini, na mmoja katika kila kumi atalia hivyo pia kwa sababu ameshasikia mabwenini mahali pa kulilia. Tisini na saba. Jibu: ishirini na nne katika mia na ishirini na moja. Mmoja katika watano.

Waraka ulisema gari la wagonjwa lisitoke mpaka imani ivuke nusu.

"Chukua vidonge viwili hivi," akasema. "Kwenye ngonjera simama nyuma. Usipaze sauti."

"Asante, Tabibu," akasema Mwasiti, na akaondoka ameshika ukuta.

*

Saa nne akarudi. Ngoma zilikuwa zimeshaanza uwanjani. Safari hii alikuwa na joto, na Tabibu alikishika kipimajoto yeye mwenyewe, akamfuta kwapa kwanza, akamkagua kama ana kikombe. Thelathini na nane na nusu.

Akachukua fomu mpya. Akataka kuanzia pale alipoishia asubuhi, kwenye mmoja katika watano. Akikumbuka maneno aliyoyapigia mistari miwili, alipiga hesabu pembeni, kwenye kasha la vidonge: ukianzia hapo, na ushahidi huu ukiwa na nguvu kama ule, unafika wawili katika watatu. Nusu imevukwa. Gari litoke.

Lakini fomu ilikuwa imechapwa juu: tatu kwa mia. Ukianzia hapo, joto peke yake linakufikisha palepale, mmoja katika watano.

Akapiga simu makao makuu.

"Ndugu karani, nina mgonjwa. Asubuhi alikuwa mmoja katika watano. Sasa kaongeza dalili nyingine. Naomba nianzie pale nilipofika."

"Ile ya asubuhi ina muhuri?"

"Itakuwaje na muhuri? Nimeipata leo asubuhi."

"Basi Tabibu, imani isiyo na muhuri ni fununu. Wewe unataka kumtibu mtoto wa watu kwa fununu?"

"Lakini ameumwa mara mbili!"

"Mara mbili mmoja katika watano ni mmoja katika watano mara mbili. Andika barua, itafanyiwa kazi. Na hongereni kwa ugeni."

Tabibu akaweka simu. Dirishani alimwona Dk. Lwiza akishuka kwenye gari na kunyoosha koti, na akakumbuka kicheko chake cha semina, na barua ya onyo iliyofuata kile kicheko. Alikuwa na watoto wanne na miaka kumi na tisa ya kazi isiyo na doa lingine.

"Kaa hapo kwenye benchi," akamwambia Mwasiti bila kumtazama. "Tutaona."

Baadaye alisema kwamba neno lile, tutaona, ndilo analolisikia mpaka leo anapofumba macho. Alikuwa ameshaona.

*

Saa saba Bi. Kokusima akaingia mbio, ameshika sahani mkononi.

"Tabibu, njoo umwone huyu mtoto wako wa kwenye benchi. Kakataa wali."

"Kakataa wali gani?"

"Kwani leo kuna wali gani mwingine? Wali wa nyama! Nimempakulia mwenyewe, nikamwekea na mnofu. Kasogeza sahani."

Tabibu akasimama. Ushindi hula makande siku sita na ugali wa maharage siku ya saba. Wali wa nyama huonekana Waziri akija, na Waziri aliyepita alikuja miaka miwili nyuma. Katika miaka kumi na tisa, Tabibu alishawaona wasichana waliovunjika mkono wakila wali kwa mkono uliobaki. Hakuna mtu, chini ya jua la Yakini, anayejifanya mgonjwa hadi kiasi hicho.

Fomu haikuwa na nafasi ya wali.

(Sahani yenyewe, kwa ajili ya kumbukumbu, iliwekwa dirishani, na mwenzake mmoja aliyekuwa anapita akaila yote. Mfupa akaunyonya.)

Alitoka akamwinamia. "Mwasiti. Mama. Linaumaje sasa?"

"Limepoa kidogo, Tabibu," akasema Mwasiti na kujaribu kutabasamu. "Ghafla tu limeachia. Naweza kwenda kuimba?"

Kwa mujibu wa fomu, hiyo ilikuwa habari njema. Tabibu alijua vingine. Tumbo la namna ile likiachia ghafla, kilichokuwa kimevimba ndani kimepasuka.

Akachukua ile fomu. Akakata tatu kwa mia kwa kalamu ya bluu, akauhesabu wali kama ushahidi wa tatu wenye nguvu ileile, akaandika pembeni yake, bila kibali, bila barua, bila kupitia kwa mkuu wake wa kazi: *kumi na sita katika kumi na saba.* Kisha akambeba.

*

Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa la pili katika msafara wa Waziri, limepambwa maputo. Dereva wake, Songoro, alikuwa amesinzia.

"Washa!"

"Tabibu, hili ni gari la msafara. Nikilitoa, msafara unabaki na pengo."

"Songoro, nitazame mimi. Washa."

Songoro akamtazama, akamtazama na mtoto, akawasha. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, katikati ya jukwaa na wageni waalikwa. Mheshimiwa alikuwa amefika ukurasa wa tisa.

"Na leo natamka mbele yenu, itifaki ikiwa imezingatiwa, kwamba katika nchi hii hakuna tena mgonjwa anayerudishwa—"

King'ora kikalia. Gari likapita kati ya Waziri na hotuba yake, maputo yakipasuka moja moja. Kwaya ya kidato cha kwanza, waliofundishwa kuitikia kila kelele kubwa, wakapaza sauti: "Tunashukuruuu!"

Mwasiti alifanyiwa upasuaji alasiri ileile. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeenea. Alilala hospitali siku thelathini na tatu, tisa kati ya hizo bila kumtambua mama yake. Daktari aliyempasua aliuliza swali moja: "Mbona hamkumleta asubuhi?"

Tabibu Ndimbo alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi za hospitali na kalamu zake tatu.

*

Tume ya uchunguzi iliundwa ndani ya siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa kipindupindu. Mashtaka yalikuwa matatu: kubadili imani bila kibali, kutumia wali kama ushahidi wa kitabibu, na kukatiza hotuba. Adhabu ya la kwanza peke yake ni kunyang'anywa cheti cha utabibu maisha yote.

"Mshtakiwa una la kusema?" akauliza Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye sauti ya upole.

"Ninalo, Mheshimiwa. Sijitetei kwa kumpeleka. Naomba nihukumiwe kwa kumrudisha. Nilimrudisha mara mbili."

Wajumbe wakanong'onezana.

"Hilo haliwezekani," akasema Mwenyekiti. "Katika kumrudisha ulifuata waraka kikamilifu. Tunakupongeza kwa hilo, na pongezi zitaingia kwenye faili lako. Kabla halijafungwa."

Bi. Atiye akaitwa kama shahidi. Aliomba daftari la zahanati akalisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, huku Dk. Lwiza akitazama saa.

"Hesabu ya Tabibu ni sahihi," akasema mwishoni. "Mgonjwa ni hili daftari. Tazameni joto. Thelathini na tisa nukta nne. Thelathini na tisa nukta nne. Limerudi mara thelathini na nane, majina tofauti, kila Jumatatu na Alhamisi, siku za mtihani wa hesabu. Homa za watu hazifanani hivyo. Na herufi *t* ya majina hayo yote ina mkia mmoja. Waheshimiwa, hawa thelathini na nane ni mtu mmoja. Na mtu huyo ndiye aliyeandika jina la Mwasiti mara saba. Siku ile Mwasiti alipoandika jina lake mwenyewe, *t* yake haikuwa na mkia; mtoto alisema kweli. Hakuwahi kufika pale."

Mwenyekiti akaahirisha kikao. Akaagiza mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike historia ya tukio lote, bila upendeleo, kwa ajili ya kumbukumbu za Tume.

*

Historia hiyo ndiyo mliyoisoma hadi hapa. Niliiwasilisha Jumanne. Imerudi leo, na pembeni mwa ile sehemu ya kikombe Mwenyekiti ameandika kwa wino mwekundu: *Mwandishi, umejuaje kwamba kishikio kilivunjika? Umejuaje kwamba uji ulikuwa wa ulezi? Na nani alihesabu mpaka tano?*

Chini yake ameongeza: *Nimeipenda herufi yako ya t.*

Kwa hiyo najibu.

Kishikio nilikivunja mimi, kikombe kiingie vizuri chini ya shuka. Uji ulikuwa wa ulezi kwa sababu wa mahindi hupoa haraka. Mpaka tano nilihesabu mara moja tu, Tabibu akatoka mbio kuita watu, nikapona kabla hajarudi.

Wale thelathini na nane ni mimi. Sikutaka kumdhuru mtu. Nilitaka kukwepa hesabu, na nikapenda namna wenzangu walivyocheka bwenini nikiwaonyesha ninavyotetemeka. Sikuweza kuandika jina langu kila mara, kwa hiyo niliandika la yeyote aliyenijia kichwani. Mwasiti hulala kitanda cha juu yangu. Asubuhi nikifumbua macho, jina la kwanza kuliona ni lake, limechongwa kwenye ubao. Basi nikalichukua, mara saba, kama mtu anavyochukua sabuni ya jirani.

Wali nao niliula mimi. Nilidhani ameshiba.

Mambo ya moyoni mwa Tabibu nimeyapata kwake mwenyewe. Nilijitolea kufagia zahanati wakati anasubiri hukumu, na kila mtu akanisifu kwa moyo wangu. Yeye huongea huku nafagia. Hajawahi kuniuliza kitu. Jana tu alisema, akitazama ile karatasi yenye muhuri ukutani, "Natamani nijue ni nani. Simtakii ubaya. Nataka kujua tu nifute ngapi." Nikafagia pale nilipokwisha kufagia.

Mwasiti amerudi shule. Hawezi kubeba kitu kizito, kwa hiyo mimi humbebea ndoo ya maji kutoka bombani mpaka bafuni. Leo ni siku ya ishirini na sita. Kila siku ananiambia, "Asante, dada, Mungu akulipe," na kila siku natamani ndoo ingekuwa nzito zaidi.

Waheshimiwa wajumbe, futeni thelathini na nane. Hesabuni upya. Hata mkihesabu upya namba haitakuwa ya kujivunia, wenzangu nao si malaika, lakini angalau kila mmoja aliandika uongo wake kwa jina lake. Cheti mwacheni nacho Tabibu. Alianza na namba niliyomharibia mimi, akafungwa mikono na karatasi mliyompa ninyi, na bado alimbeba.

Nakala ya barua hii nimeiweka juu ya kitanda cha Mwasiti. Ataisoma akitoka kuoga.

Nimetia sahihi hapa chini jina langu mwenyewe. Ni mara ya kwanza kuliandika kwenye karatasi yoyote inayohusu zahanati, na mkono umenitetemeka bila shuka.

Asteria Haule, kidato cha tatu.